Makosa Tuliyoyarudisha Kitabuni

Kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa ya watu wengine, na niliifanya mpaka macho yaliponigomea. Nilikuwa msahihishaji: mtu wa mwisho kuusoma ukurasa kabla haujapigwa chapa, na mtu wa kwanza kulaumiwa ukitoka na jina la mkubwa limekosewa. Ninyi vijana mnaoanza kazi hapa Kanun mmeniomba niwaeleze jinsi dada Kiden alivyoianzisha nyumba hii ya vitabu. Leo mnamwona anaitwa kwenye mikutano, wageni wanapanga foleni kupiga naye picha, na mnadhani alizaliwa na riwaya mkononi. Mimi nilimjua alipokuwa akiandika vichekesho kwenye meza ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya. Sogeeni.

Gazeti letu lilitoka kwa Kiingereza, ila ukurasa wa nyuma ulikuwa wa Kiswahili, kwa ajili yetu sisi tuliorudi Juba kutoka Uganda na Kenya. Mimi nilisomea Kenya, na Kiswahili changu kilikuwa cha mtihani. Kiden alikulia kambini Uganda, na chake kilikuwa cha sokoni, cha foleni ya maji na cha nyuma ya lori. Katika kichekesho chake cha kwanza kilichopita mikononi mwangu, dereva wa raksha, yaani bajaji kama wanavyoiita kwingine, alimwambia abiria, "Mimi iko na haraka kushinda wewe." Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika, "Mimi nina haraka kuliko wewe." Nikaona nimefanya kazi nzuri.

Kesho yake Kiden alikuja na gazeti, akaliweka mbele yangu taratibu.

"Ustaz," akasema, kwa maana hapa Juba kila mwenye kalamu ni ustaz, "huyu dereva wangu umempeleka shule lini? Jana nilimwacha stendi, hajui hata kusoma bango."

Ofisi nzima ilicheka. Kisha akavuta kiti, akanipa kanuni ambayo nimeifuata mpaka nastaafu. Alisema: "Nje ya alama za kunukuu, nichape bila huruma. Ndani ya alama za kunukuu, wewe ni mgeni nyumbani kwa mtu. Vua viatu."

Na kweli alitaka achapwe. Maelezo yake mwenyewe aliyataka yawe sawasawa, kila kiambishi mahali pake, na nikimwachia kosa alinuna. Lakini maneno ya mtu aliyataka yalivyotoka kinywani. Aliyakusanya kwa namna ambayo sijaona mwandishi mwingine akiifanya. Hakuandika mbele ya watu, kwa sababu, alisema, ukitoa kalamu watu wanaanza kuongea kama wanahojiwa na polisi. Alikaa penye chai, akasikiliza, na akipata sentensi nzuri aliondoka hapo hapo akiirudia mdomoni njia nzima mpaka mezani. Tukimwona anaingia bila kusalimu, midomo inachezacheza, tulimpisha. Kumsalimu wakati ule ilikuwa sawa na kumgonga mtu aliyebeba ndoo kichwani.

Vichekesho vyake alimjaribia kwanza dereva wa gazeti, mtu aliyekuwa akiamka amekasirika. Dereva asipocheka, Kiden aliandika upya. Lakini dereva akicheka mapema, pia aliandika upya. "Akicheka sijamaliza," aliniambia, "ina maana alishaijua." Zingatieni hilo, ninyi mnaopenda kushangiliwa haraka.

Kuna kichekesho cha mbuzi ambacho lazima niwape, kwa sababu kitarudi mbele. Kiden aliandika juu ya mbuzi mnene aliyelala katikati ya barabara, magari yamesimama pande zote mbili, na hakuna anayethubutu kumfukuza kwa kuwa hakuna anayejua mbuzi yule ana cheo gani. Gazeti lilipotoka tu, alikuja mwanajeshi mmoja aliyekuwa akikaa upande wa Bilpam, mrefu, amevaa sare iliyopigwa pasi. Aliuliza Kiden ni nani. Sote tukapata ghafla kazi ya kusoma karatasi zilizokuwa mbele yetu, hata mhariri mkuu, ambaye karatasi yake ilikuwa tupu.

Kiden alisimama. Yule bwana akasema kwamba mbuzi ni wake. Suala la barabara hakulipinga, lilikuwa kweli. Alichokuja kupinga ni unene, kwa sababu majirani walikuwa wameanza kumuuliza nyama italiwa lini. Kiden alimsikiliza kwa heshima zote, akamwagizia chai, na toleo lililofuata likawa na kisanduku kidogo: "Masahihisho. Tuliandika kwamba mbuzi ni mnene. Mbuzi si mnene. Amejengeka. Tunaomba radhi kwake na kwa familia." Yule bwana alinunua nakala kadhaa akawagawia majirani. Mpaka leo akikutana na Kiden njiani anampa habari za wajukuu wa mbuzi.

Nilichojifunza pale si ujasiri tu. Nilijifunza kwamba hakumcheka mtu wa chini hata mara moja, na alipomcheka mtu wa juu alimwachia mlango wa kuingilia, ili naye aje acheke pamoja na wengine.

Kisha karatasi za kuchapia gazeti zikawa hazipatikani, ukurasa wa nyuma ukafa kwanza, na gazeti lenyewe likafuata. Wengi wetu tulitafuta kazi kwenye mashirika. Kiden alikwenda kukaa kwa mama yake mdogo, mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto, akaanza kuandika riwaya. Nilimuuliza tofauti iko wapi. Alisema kichekesho unamsimamisha msomaji mlangoni, mnacheka, anakwenda zake. Riwaya lazima umkaribishe, umpe maji ya kunywa na mahali pa kulala, na asubuhi usijute.

Huyo mama mdogo ni Mama Poni. Ndiye aliyemlea Kiden ukimbizini, na waliporudi nyumbani aliuza chai kando ya barabara hadi magoti yalipokataa. Hakuwahi kukaa darasani. Kiswahili chake alikiokota Uganda, mkononi mwa wanajeshi, wenye maduka na wanawake wenzake wa kambini, kila mmoja akimpa kipande. Riwaya ilikuwa juu ya mwanamke muuza chai, na ingawa Kiden alimpa jina lingine, hakuna mtu wa mtaa wetu ambaye angeuliza ni nani.

Mama Poni alikuwa na ombi moja. Macho yake yalikuwa yameshafungwa na ukungu, na masikio nayo yalianza kuaga. Alitaka kitabu kitoke asomewe kabla masikio hayajafuata macho. Kiden alikuwa akiandika akishindana na masikio hayo. Ndiyo maana alikuwa na haraka, na ndiyo maana mambo yalikwenda kama yalivyokwenda.

Mchapishaji mmoja wa nje aliupokea mswada kwa maneno mazuri sana, kisha akaomba kitu kidogo tu: wahusika waseme Kiswahili sanifu, ili kitabu kivuke mipaka. Kiden alinisomea ujumbe ule, akaukunja. "Wakisema sanifu, ustaz, kitavuka mipaka, lakini sisi tutakuwa tumebaki huku." Hapo ndipo alipoamua kuchapa mwenyewe. Nyumba yake ya vitabu akaiita Kanun, kwa jiko la mkaa la Mama Poni, kwa maana kanun ndilo jina la jiko hilo kwa Kiarabu cha Juba. Jina lilituletea taabu kidogo. Watu waliona kibao mlangoni wakadhani tunauza kanuni za serikali, na mzee mmoja alikuja kutafuta sheria ya mipaka ya viwanja. Kiden alimkalisha, akamsikiliza mgogoro wake wote, na yeye mwenyewe akabaki na sentensi tatu nzuri za sura ya nane.

Kitabu kilipangwa na kuchapwa Kampala. Aliyezipanga kurasa alikuwa bwana mmoja aitwaye Mbaruku, mzaliwa wa Tanga aliyehamia Kampala kwa ndoa, fundi hasa, mwenye adabu ya simu ambayo sijapata kuisikia kwingine. Tuliomba prufu, yaani kurasa za kukagua kabla ya kuchapa. Lori la kutuletea vitabu lilikuwa limebakiza siku chache kuondoka, akatutumia sura ya kwanza tu. Niliisoma kwa rula, mstari kwa mstari, kisha kutoka chini kwenda juu, kama nilivyowafundisha, ili jicho lisidanganywe na maana. Ilikuwa safi. Kiden akasema wachape.

Vijana, ichukueni hii mkaiweke mfukoni: sura ya kwanza ya kitabu kile ni mto, vumbi na asubuhi. Hakuna mtu anayefungua mdomo. Prufu ya sura isiyo na maongezi ni sawa na kumchumbia mtu kwa picha.

Maboksi yalishushwa Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, dukani kwa Nalongo, mama wa Kiganda mwenye pacha, ambaye malori yote yanamjua. Tulipofika tulimkuta ameshafungua boksi moja na amesoma kurasa za kutosha, miwani puani, sufuria ya maharage ikiungua nyuma yake. Hakutupongeza.

"Dada Kiden," akasema, "mbona watu yote ya hii kitabu inaongea kama redio?"

Kiden alicheka, akidhani ni utani. Akafungua katikati. Nilimwona anasoma, anafungua mbele, anasoma, anarudi nyuma. Kisha akanipa mimi. Dereva wa raksha alikuwa akisema, "Niwie radhi, ndugu abiria." Wanawake wa sokoni walikuwa wakigombana kwa upatanisho wa ngeli usio na dosari. Mlevi mmoja, ambaye katika mswada alikuwa akitukana kwa lugha nne, sasa alikuwa akilalamika kama karani wa mahakama. Kazi yote ilikuwa imefanywa kwa uangalifu mkubwa, hakuna nukta iliyokosewa. Kama msahihishaji, sijawahi kuona kurasa safi kama zile, na zilinitia baridi.

Kiden alimpigia Mbaruku pale pale, amesimama kati ya magunia. Nilikuwa karibu, nikasikia pande zote mbili. Mbaruku alifurahi kusikia vitabu vimefika. Alieleza kwamba alipokuwa akipanga kurasa aliona makosa mengi mno kwenye maongezi, akajua dada aliandika kwa haraka, akakaa akayanyoosha yote kwa mkono wake, bila kuomba shukrani.

"Nisingeacha kitabu cha dada yangu kitoke vile," akasema. "Nimekusitiri."

 Nilidhani Kiden atapiga kelele, na angekuwa na haki.

"Asante, kaka Mbaruku," akasema. "Lakini uliyemsitiri hakuwa uchi."

Tulirudi mjini na maboksi nyuma ya gari. Kuchapa upya wakati ule kulikuwa nje ya uwezo wetu. Na kama vile shetani anajua ratiba, mwalimu mkuu mmoja aliyeiona nakala garini alisifu kwamba hatimaye kuna kitabu cha Juba chenye Kiswahili safi, akasema yuko tayari kukiingiza shuleni kwake, wanafunzi wote. Kiden alimwambia atamjibu. Nilimwangalia, nikaona anajaribu kulipenda wazo hilo na linamshinda.

Kwa Mama Poni kulikuwa kumeshafagiliwa. Alikuwa amevaa kitenge kipya na chai iko tayari. Kiden alishika kitabu asome, akinuia, nadhani, kusema maneno ya mswada kwa kichwa. Mama Poni akamkatalia. "Wewe hapana. Wewe naongeza. Toka zamani wewe ni mtu ya kuongeza. Ustaz asome."

Basi nikasoma mimi, kilichoandikwa. Nilikwenda kwenye sura ambayo kila mtu aliijua kabla haijaandikwa: siku askari wa soko walipokuja kuondoa wanawake wa chai, na wote wakakimbia isipokuwa mmoja. Nikasoma jibu lake: "Samahani, bwana askari, mimi nipo hapa kihalali na sitaondoka."

Mama Poni aliinamisha kichwa, sikio upande wangu.

"Hii mama ni nani?" akauliza.

Kiden akasema, "Ni wewe, mama."

"Hapana. Hii bibi ya mkubwa. Yeye nakaa ofisi." Alipapasa kikombe changu kwa nje, akakisogeza kwangu. "Kunywa chai, ustaz. Naanza baridi."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alitusamehe mara moja, kama unavyomsamehe mtu aliyekuletea mgeni usiyemjua, akaanza kuuliza habari za Nalongo na pacha wake. Kiden alitoka nje. Nilipomfuata alikuwa anaangalia mto, na midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nikajua nisimsalimu.

Aliporudi alisema neno moja: "Mbuzi."

Nilidhani amechoka. Akaniambia, "Ustaz, unakumbuka masahihisho ya mbuzi? Nenda kachukue mswada."

Tulifanya kazi ile mezani kwa Mama Poni, yeye akitutilia chai kwa kupapasa. Maisha yangu yote nilikuwa nimetoa makosa na kuweka maneno sahihi. Sasa nilikaa na mswada mkono wa kushoto na kitabu mkono wa kulia, nikatafuta kila neno sahihi na kulirudishia kosa lake. Mkono wangu ulikataa mwanzoni. Kiden alinihimiza: "Haribu, ustaz, haribu vizuri." Karatasi ya masahihisho, ambayo kwa kawaida ni kipande kinachodondoka ukifungua kitabu, ikawa kijitabu kizima. Tulikipiga fotokopi mjini, tukakikunja wenyewe, tukaweka kimoja ndani ya kila nakala. Mwalimu mkuu alipoletewa kitabu kikiwa na kijitabu, alisema angependelea bila kijitabu. Kiden akamwambia kwa upole kwamba bila kijitabu, mwandishi wa kitabu hicho ni bwana mmoja wa Tanga, na angempa namba yake.

Mkitaka kujua ya Mbaruku, yeye ndiye anayepanga kurasa zetu mpaka leo. Alipopanga chapa ya pili, ile mnayoiona madukani, alikuwa mkali kuliko Kiden mwenyewe. Alinipigia simu, sauti ya mtu aliyefumania wizi. "Ustaz, ukurasa wa arobaini kuna mlevi amesema 'sielewi' barabara kabisa. Nimwache, au amekosea?" Fundi wa namna hiyo usimwachie aende.

Uzinduzi tuliufanya uani kwa kanisa, Juba Na Bari, jua likiwa bado liko juu. Walikuja wauza chai, madereva wa raksha, waandishi wenzetu wa zamani, Nalongo kutoka Nesitu akiwa na pacha wake, na yule mwanajeshi wa mbuzi, safari hii bila sare. Mama Poni alikuwa kiti cha mbele, kitenge kile kile. Wageni walitegemea mwandishi asome sura. Kiden alisimama akakiacha kitabu mezani, akashika kijitabu.

"Nitasoma masahihisho," akasema.

Watu wakatazamana. Akaanza, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Ukurasa wa tisa: badala ya "Samahani, sijakuelewa," someni "Wewe nasema nini?" Ukurasa wa ishirini na mbili: mwendesha raksha hasemi "Niwie radhi." Hajawahi. Ukurasa wa thelathini: badala ya "Tafadhali niongezee sukari," someni "Mama, hii chai naogopa sukari?" Kufikia hapo kicheko kilikuwa kimeshapanda kama moto wa nyasi. Madereva walikuwa wanapigana migongoni. Nalongo alivua miwani akafuta macho. Yule dereva wa gazeti, mtu wa hasira, alicheka pia, na nilimtazama kwa makini: alicheka mwisho wa kila sentensi, kamwe si kabla.

Kiden alifungua ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Akaiacha sauti ya mtangazaji, akasoma kwa sauti yake.

"Ukurasa wa mia moja sitini na moja. Mama wa chai hakusema, 'Mimi nipo hapa kihalali na sitaondoka.' Mama wa chai alisema, 'Mimi iko hapa. Mimi hapana toka.'"

Hakuna aliyecheka. Wengi waliokuwa wamekaa pale waliwahi kuambiwa watoke mahali.

Mama Poni alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wa Kiden. Kisha akamgeukia Nalongo aliyekuwa pembeni yake, akamshika goti, na akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wale ambao masikio yao yameanza kuaga, uani kote tukasikia:

"Sikia. Sasa mimi iko."